Maswali ya Waandishi Chipukizi: Penzi la Likizo Ugenini

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa shule ya upili mjini Kisumu, na kwa muda sasa nimekuwa nikiandika riwaya ya mapenzi. Mhusika wangu mkuu, Muhonja, ni muuguzi mzaliwa wa Shinyalu, Kakamega, mwenye umri wa miaka 34. Uchumba wake unavunjika, naye anachukua likizo mwezi Agosti na kusafiri peke yake hadi Shelisheli, ambako anakutana na nahodha wa boti ya watalii katika kisiwa cha La Digue na wanapendana. Watu wawili wameusoma mswada wangu. Mwalimu mwenzangu anasema mapenzi yanakuja upesi mno na hayaaminiki. Rafiki yangu tunayesali naye aliuliza, "Mama yake amemwachia nani?" kisha akasema mwanamke wa kwetu hawezi kwenda kustarehe ng'ambo peke yake na msomaji akampenda. Isitoshe, sijui nimalizie vipi: abaki kisiwani au arudi Kakamega? Nimeambatisha sura nne za kwanza. — Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa sura hizo. Nimezisoma zote, na ile ya kwanza, ambamo Muhonja anakabidhi zamu ya usiku bila kumwambia mtu yeyote wodini kwamba kesho yake anapanda ndege, ni nzuri sana, usiiguse.

Mwenzako amegusa jambo la kweli, ila sidhani kasoro iko kwenye idadi ya siku. Watu wanaweza kupendana kwa siku mbili na msomaji akakubali, mradi awe amemfahamu vizuri yule anayependa. Katika mswada wako Muhonja anashuka ndege Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, anavuka kwa feri, na katika ukurasa uo huo nahodha anampokea mzigo gatini. Hatujapata kumwona akiwa peke yake hata kidogo. Riwaya ya aina hii ina hazina ambayo mapenzi ya kijijini au ya mtaani hayana: mwanamke aliye mahali ambapo hakuna anayemjua, hakuna anayemwita kwa cheo wala kwa jina la baba yake, na hakuna anayemngojea jioni. Ukimleta mwanamume kabla ya kuitumia hazina hiyo, unakuwa umeitupa safari nzima, na nahodha wako angeweza vilevile kuwa jirani yake wa Kakamega.

Kwa hiyo mwache kwanza ale chakula cha jioni peke yake. Mhudumu amuulize wako wangapi, ajibu kwamba ni yeye tu, kisha mhudumu aondoe sahani ya pili, uma, kisu na glasi, kimoja baada ya kingine, huku Muhonja akitazama mikono yake. Mwache aamke kabla ya alfajiri kwa sababu mwili wake bado unafuata zamu, na aitazame ile saa ya wauguzi ya kubandika kifuani, ambayo amekataa kuirekebisha ingawa Shelisheli iko mbele ya Kenya kwa saa moja. Mwache aogope kidogo, aone aibu ya kupiga picha bila mtu wa kumshikia simu, halafu siku moja agundue kwamba amepitisha mchana kutwa bila kumhudumia mtu na hakuna aliyedhurika. Msomaji akishapitia kurasa hizo, hata nahodha akimuuliza tu kama amekwisha kula, tutaelewa kwa nini swali hilo linamgusa.

Tarehe ya kurudi nayo umeificha mpaka sura ya nne, ilhali ndiyo inayoisukuma hadithi. Mkenya haombi viza ya kuingia Shelisheli, lakini hutakiwa kupata idhini ya safari kabla ya kuondoka, na kuonyesha tiketi ya kurudi pamoja na mahali atakapolala. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inamhakikishia mfanyakazi wa Kenya siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa mwaka. Maana yake ni kwamba Muhonja anapofika, mwisho wa likizo yake umekwisha kuandikwa kwenye karatasi aliyoshika mkononi. Ukimwonyesha msomaji karatasi hiyo mapema, upesi anaoulalamikia mwenzako utageuka kuwa shinikizo analolisikia Muhonja mwenyewe.

Kuna jambo la bahari ambalo ni lazima ulirekebishe. Umeandika mawimbi yaliyotulia na safari za boti kila asubuhi, lakini Agosti ni msimu wa kusi. Upepo huo huvuma kutoka kusini-mashariki takriban kuanzia Mei hadi Septemba, na fukwe zinazouelekea huchafuka. Ufuo wa Grand Anse kule La Digue unajulikana kwa mikondo yake yenye nguvu, na kuogelea hapo ni hatari. Nahodha anayempeleka mgeni kuogelea mahali hapo mwezi Agosti ni mzembe, na sidhani ndivyo ulivyokusudia. Mimi nakushauri uutumie huo upepo. Safari iahirishwe, abiria warudishiwe fedha, na hawa wawili wabaki gatini na mchana mzima usio na kazi, yeye nahodha akikagua kamba zilizolika na Muhonja, ambaye amezoea kufunga vidonda, akimshikia ncha ya kamba bila kuombwa. Mapenzi yanayoanzia kwenye kazi ya mikono huaminika kuliko yanayoanzia kwenye machweo.

Usisahau pia kwamba nahodha huyu hupokea wageni wapya kila wiki. Msomaji wa Kisumu atajiuliza mara moja ni wanawake wangapi wamekwisha kuambiwa maneno haya haya, na Muhonja, ambaye ametoka kuachwa, atajiuliza kabla yake. Mpe nafasi ya kuliuliza hilo waziwazi. Katika sura ya tatu, nahodha anamnong'oneza kisa cha minazi ya coco de mer ya bonde la Vallée de Mai, kwamba usiku wa dhoruba miti dume hutembea kuifuata miti jike. Kisa hicho husimuliwa watalii wengi wanaofika Praslin, kisiwa lilipo bonde hilo, kwa hiyo hakiwezi kuwa siri ya wapenzi. Mwache akisikie kutoka kwa mwongozaji, akiwa katikati ya kundi la wageni wenye kamera, na nahodha amwambie kitu kingine ambacho hakiuzwi pamoja na tiketi.

Kitu hicho unacho tayari, nawe umekipitia kwa sentensi moja: moutya, ngoma ya Shelisheli. Ilianzishwa na watumwa waliotoka Afrika, huchezwa usiku kuzunguka moto, na ngozi za ngoma zenyewe hupashwa joto motoni ili zikaze. UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi za binadamu mwaka 2021, na isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliorodheshwa mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Muhonja ni binti wa Shinyalu. Amekua akizisikia ngoma tatu za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo, kwenye harusi na kwenye matanga. Akisimama usiku ule karibu na moto na kuona mtu akiigeuza ngoma juu ya ndimi za moto, hawezi kuendelea kuwa mtalii tu. Hapo ndipo mahali pa busu la kwanza, ukiniuliza mimi, au hata pa yeye kulia; na nahodha asimame kando, ashangae kumwona mgeni akijua pa kuweka mguu.

Rafiki yako wa kanisani simlaumu, na nakuomba usimpuuze. Swali lake ndilo ambalo kila msomaji wa kwetu atalileta kwenye ukurasa wa kwanza, kwa hiyo mtie kwenye riwaya alivyo, awe dada au shangazi wa Muhonja. Mama ameachiwa nani? Fedha za safari zimetoka wapi, chama au mkopo, na ni karo ya nani iliyosubiri? Siku ya pili ufuoni, simu ilete ujumbe wa kundi la familia kwenye WhatsApp: kuna msiba, orodha ya michango imeanza kusambazwa, na mbele ya jina lake pana nafasi tupu. Muhonja afanye nini? Sikubaliani na rafiki yako kwamba msomaji hatampenda. Wanawake wengi wanaowatunza wazazi, wanaolipa karo za wadogo zao na kukesha wodini watajiona ndani yake, na watataka kujua kama anaruhusiwa kupumzika. Usiwajibu kwa kumfanya mama awe mkorofi ili Muhonja apate sababu ya kuondoka. Mama awe mtu mwema anayempenda, na bado binti aende.

Kuhusu mwisho, wanaonunua riwaya ya mapenzi hutarajia tumaini, na usiwanyime. Lakini tumaini si lazima liwe harusi kisiwani. Mrudishe Kakamega kwanza, kwa sababu tiketi inasema hivyo, na umwandikie sura nzima ya zamu ya kwanza baada ya likizo. Kisha nahodha ndiye asafiri. Mpaka sasa ni Muhonja peke yake aliyevuka bahari. Mwache huyu mwanamume naye awe mgeni, ashuke uwanja wa ndege wa Kisumu asikojulikana na mtu, aulizwe na mama maswali yote.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru. Sijawahi kupanda ndege. Je, ninaweza kuandika riwaya ya mapenzi ya safari ya nje? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Unaweza, tena nje ya nchi si lazima iwe ng'ambo ya bahari. Tangu mwaka 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na mabasi ya kwenda Kampala hupita hapo hapo Nakuru usiku. Mpeleke mhusika wako hadi Kigali kwa barabara. Akivuka mpaka wa Katuna, kati ya Uganda na Rwanda, magari yanahamia upande wa kulia, na kwa siku kadhaa atakuwa akitazama upande usiofaa kila anapotaka kuvuka njia. Dereva wa pikipiki amshike mkono kwa ghafla, amrudishe kando ya barabara, na hadithi yako imeanza. Kule abiria wa pikipiki naye huvaa helmeti, kwa hiyo mazungumzo yao ya kwanza yatakuwa ya kupaaza sauti na kusikia nusu nusu. Wewe fundi utayaona mavazi ya watu kuliko mwandishi mwingine yeyote: andika mshono wa koti la dereva huyo, ulipoachia na ulivyoshikizwa, na utuletee sura hiyo kwanza.