Swali la lugha: Je, simu huwa na mizizi?

Msomaji wetu wa Tanga ameandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu ni fundi simu, na ameniomba nimwandikie mwongozo wa kurasa chache kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi kwake. Yeye husema 'kuruti simu', 'kuflashi simu' na 'kuweka romu'. Mimi nilitaka Kiswahili fasaha, lakini kila nilipotafuta nilikuta 'ufikiaji wa mizizi', 'kuvunja jela', 'kudukua simu' na 'programu za desturi'. Juzi simu yangu, ambayo kaka aliwahi kuichezea, ilikataa kufungua programu ya benki ikaniandikia: 'Kifaa chako kina mizizi.' Nilicheka, kisha nikajiuliza mimi nitaandika nini. Naomba uniongoze."

Marahaba, binti yangu. Sentensi iliyokuchekesha haina kosa hata moja la sarufi: kifaa kimepatanishwa na kitenzi chake, na mizizi ni wingi halali wa mzizi. Kasoro yake ni kwamba haimwambii msomaji kitu. Mswahili akisikia kwamba jambo fulani lina mizizi, atafikiria muhogo, au rushwa iliyoota mizizi, au dawa ya kuchemsha aliyoandikiwa na mganga. Hatafikiria hata kidogo kwamba mtu fulani ameongezewa uwezo wa kuiamrisha simu. Mfasiri amelikuta neno la Kiingereza root, yaani mzizi, ambalo ndilo asili ya "kuruti" ya kaka yako, akaitafsiri taswira na kuliacha jambo lenyewe.

Taswira hiyo ina asili yake. Mfumo wa kompyuta uitwao Unix, ulioanza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, ulipanga mafaili yake kama mti uliopinduliwa, mzizi na shina vikiwa juu na matawi yakining'inia, na kilele cha mti huo kikaandikwa kwa alama moja tu ya mkwaju. Mtumiaji mmoja aliruhusiwa kugusa kila kitu, hata kilele chenyewe, akaitwa kwa jina la mzizi, na katika hesabu za kompyuta akapewa nambari 0. Android imejengwa juu ya Linux, ambayo iliundwa kwa kufuata mwenendo wa Unix, kwa hiyo ilimrithi mtumiaji huyo pamoja na jina lake. Kiswahili hakina urithi huo. Kwetu mzizi uko chini ya ardhi na hautoi amri kwa mtu yeyote. Na kwa Watanzania waliozoea muundo wa chama cha CCM, ambamo shina ndiyo ngazi ya chini kabisa na tawi liko juu yake, mwenye shina ni balozi wa nyumba chache mtaani, wala si mkuu wa nchi. Picha ya mti imegeuka kichwa chini mara mbili, na msomaji ameachwa katikati.

Tena hii si mara ya kwanza neno hilohilo la Kiingereza kubisha hodi kwetu. Walimu wa hisabati walipolikuta hawakuandika "mzizi wa mraba". Waliandika kipeuo cha pili, na watoto wakaelewa. Wanaisimu, kwa upande wao, walichukua mzizi wa neno, na wakawa na haki kufanya hivyo, kwa sababu kutoka -pik- tunayaona kwa macho yetu pika, pikia, pikisha na pikwa yakichipua. Neno moja la kigeni lilipata majina mawili kwa sababu kazi zake zilikuwa mbili. Hapa tunahitaji la tatu.

Kabla ya kulitafuta, tuitazame simu yenyewe. Kaka yako anapoiunganisha na kompyuta na kufungua dirisha la amri, mstari unaosubiri amri huishia kwa alama ya dola. Akipata uwezo tunaouzungumzia, alama hiyo hugeuka kuwa alama ya reli, ileile tunayoambiwa tuibonyeze tunapoangalia salio. Mabadiliko yanayoonekana ni hayo tu, lakini nyuma yake pana jambo kubwa. Kwa kawaida kila programu katika Android hupewa nambari yake ya mtumiaji na kufungiwa katika chumba chake, isiweze kusoma mafaili ya jirani. Mwenye nambari 0 hupita milango yote. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream iliyotoka mwaka 2008, ilionyesha jambo hilo kwa njia ya aibu: kila kilichoandikwa kwenye kibodi kilipelekwa pia, kisirisiri, kwenye dirisha la amri lenye uwezo huo, hata ikawa mtu anayeandika ujumbe wa kawaida akitaja neno la Kiingereza la kuwasha upya katika mstari wa peke yake, simu inazima na kuwaka tena mkononi mwake. Kasoro hiyo ilirekebishwa upesi, lakini hakuna mfano bora zaidi wa kuwaeleza wanafunzi kwamba jambo lenyewe ni mamlaka, nayo hayajali kama aliyeyashika anajua kwamba ameyashika.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa maandishi rasmi ni mtumiaji mkuu, na uwezo wake ni mamlaka ya mtumiaji mkuu. Usitumie "msimamizi", maana msimamizi amekwisha kuwa mtu anayeendesha akaunti za ofisini au kundi la WhatsApp, na madaraka yake huwa na mipaka. Kuhusu upatanisho wa neno mamlaka, utaona waandishi wakigawanyika. Mimi hufuata kanuni moja: chombo cha serikali "imetangaza", ila uwezo wa kuamuru ni "makubwa" na "yametolewa". Kitenzi nacho kina uzito wake. "Kutwaa mamlaka" kunanukia mapinduzi. "Kujipa mamlaka" ni lawama, kama tunavyosema kwamba fulani amejipa cheo. Mwenye simu ambaye ameinunua kwa fedha zake hastahili lawama hiyo. Andika "kupata" au "kujipatia mamlaka ya mtumiaji mkuu".

Najua kwamba hakuna fundi atakayemwambia mteja maneno manne yote hayo huku ameshika bisibisi. Atasema "kuruti", na mimi sina ugomvi naye. Neno hilo limeingia kwa mlango uleule walioingilia kucheki, kupaki na kubipu: limechukua irabu -i mwishoni, likakaa pamoja na safiri na fikiri za Kiarabu, na sasa linanyumbulika bila kuombewa msaada na mtu. Mteja husema "nirutie simu hii", fundi hujibu "imesharutiwa", na mnyambuliko hauonyeshi kovu lolote. Neno lililofika hapo ni la Kiswahili, hata kama bado halijaingia katika kamusi. Kwamba makondakta wa daladala wana "ruti" yao, na jeshi lina "kuruta" wake, si hoja ya kulikataa, kwa sababu muktadha hutenganisha. Katika mwongozo wako liandike mara moja mwanzoni, ulifafanue kwa mtumiaji mkuu, kisha uwe huru kulitumia. Ila liandike kwa tahajia yetu. "Kuroot" ni sawa na kuvaa kanzu na kofia ya pikipiki.

"Kudukua" nalikataa kwa nguvu zaidi. Kudukua ni kunyemelea siri ya mtu mwingine bila ridhaa yake, na tangu Tanzania ilipotunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, magazeti hulitumia neno hilo karibu kila siku pamoja na washitakiwa. Ukiandika kwamba kaka yako anafundisha vijana kudukua simu, umemfungulia mashitaka kwa kalamu yako mwenyewe. Wengine husema simu "imechakachuliwa". Nalipenda neno hilo kwa uchangamfu wake, lakini lilipata umaarufu kwa watu waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, na halijawahi kusafishika.

"Kuvunja jela" lina kisa kingine. Ni msemo wa watumiaji wa iPhone, ambayo tangu ilipotoka mwaka 2007 imekuwa ikikubali tu yale ambayo Apple imeyaridhia, na mwaka 2010 mamlaka za hakimiliki za Marekani zilitamka kwamba mwenye simu kuiondolea kizuizi hicho ili aweke programu halali anazozitaka hakuvunji sheria yao ya kulinda kazi za kidijiti. Tatizo la Kiswahili chake ni kujua nani anavunja na nani yuko ndani. Jela huvunjwa na mfungwa, simu haijivunjii. Nasi tuna kitenzi kizuri kinachokaa bila kazi: kufungulia. Mbuzi aliyefungwa kambani hufunguliwa, na mfungwa naye hufunguliwa minyororo, lakini mtu anayewaachia waende zao husemwa amewafungulia. Iandike "kuifungulia iPhone", uone jinsi sentensi inavyotulia.

Nije kwenye kuflashi, ambako hatari ya kutoelewana ni kubwa kuliko unavyodhani. Kijana wa Nairobi ambaye umri wake umesogea kidogo atakuambia kwamba kuflashi ni kupiga simu na kukata kabla haijapokewa, jambo ambalo Tanzania tuliliita kubipu. Mpiga picha ataelewa mwanga wa kamera, na karani atauliza flashi ya kuhifadhia mafaili iko wapi. Kwa fundi, kuflashi ni kuandika mfumo mzima wa uendeshaji kwenye kumbukumbu ya simu, ile iliyobuniwa na kampuni ya Toshiba miaka ya 1980 na kupewa jina la mwanga wa kamera kwa sababu hufutika kwa mkupuo. Kitendo chenyewe basi ni kuandika, na Kiswahili kina kitenzi hicho tayari: "kuandika upya mfumo wa simu". Kwa programu moja moja tumia kusakinisha, kutokana na sakini, yaani kukaa mahali. Ni ndugu wa maskani, na programu iliyosakinishwa kweli imepewa makazi. Kupakia kuachie picha na video zinazopelekwa mtandaoni, kama mzigo unavyopandishwa kwenye lori. Kusimika ni kwa milingoti na machifu, ingawa sitamfokea mtu anayelitumia.

Kuhusu "romu", yaani mfumo ambao fundi huuandika kwenye simu, jina lenyewe limepotoka hata kwa wenyewe, kwa kuwa asili yake ni kumbukumbu ya kusomwa tu isiyoandikika, ilhali shughuli yote tunayoizungumzia ni ya kuandika. Acha mafundi walitamke, lakini usilijengee istilahi. "Programu za desturi" ni kazi ya mashine ya kutafsiri iliyokuta neno moja la Kiingereza, custom, lenye maana zaidi ya moja, ikachagua isiyohusika. Ashukuriwe Mungu haikuchagua forodha, ambayo nayo ilikuwa karibu. Wapo pia wanaosema mfumo "uliobinafsishwa", wakasahau kwamba kwa Mtanzania kubinafsisha ni kuuza shirika la umma. Mimi naandika mfumo mbadala, yaani ule ambao haukutoka kwa mtengenezaji wa simu, kama LineageOS, iliyoendeleza kazi ya CyanogenMod baada ya mradi huo kufungwa mwishoni mwa mwaka 2016.

Limebaki neno ambalo hukuniuliza, nalo ndilo litakalomwumiza mtu: kufungua. Katika karakana moja niliyoketi kusubiri kioo changu kibadilishwe, nilimsikia fundi mkuu akimwambia mwanafunzi, "Ifungue hiyo kwanza." Mwanafunzi akachukua bisibisi. Fundi alikusudia kufungua kufuli la programu ya kuanzishia mfumo, ile ambayo wao huiita butiloda, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote simu inapowashwa na kukagua kama mfumo unaofuata ni wa mtengenezaji. Heri alichukua bisibisi, kwa sababu katika simu nyingi za Android kufungua kufuli hilo hufuta kila kitu cha mwenye simu, na mteja alikuwa hajaulizwa kuhusu picha zake. Watu husema kufungua kwa maana ya kutoa nywila, ya kuondoa kizuizi cha laini ya kampuni moja, ya kulegeza skrubu na hii ya nne, kwa hiyo usikiandike kitenzi hicho bila kutaja kinachofunguliwa.

Basi sehemu ya mwongozo wako ingeweza kusomeka hivi: "Kabla ya kuanza, hamisha picha, majina na ujumbe wa mteja, kisha umwonyeshe kwamba vimehamishwa. Fungua kufuli la programu ya kuanzishia mfumo. Hatua hii hufuta kumbukumbu ya simu. Ikiwa mteja anataka mfumo mbadala, uandike sasa, baada ya kuhakikisha kwamba umetengenezwa kwa ajili ya modeli hiyohiyo. Ikiwa anataka pia mamlaka ya mtumiaji mkuu, yaani kuruti, fanya hivyo mwisho, na umweleze kwamba baadhi ya programu za benki zitakataa kufunguka." Utaona kwamba vitendo ni vitatu na kila kimoja kina jina lake, simu inaweza kuwa na mfumo mbadala bila kurutiwa, na inaweza kurutiwa ikiwa bado na mfumo iliyotoka nao kiwandani.

Waandishi wa benki wangeweza kuandika: "Mamlaka ya mtumiaji mkuu yamefunguliwa katika simu hii. Kwa usalama wa akaunti yako, programu haitaendelea." Nimekwepa kusema kwamba simu "imepewa mamlaka", kwa sababu aliyepewa ni mtumiaji, na programu yoyote atakayoiruhusu, nzuri au mbaya, hilo ndilo linaloitia benki hofu.

Na endapo mwanafunzi atakosea, simu ikaganda kwenye nembo au ikakataa kuwaka kabisa, usimwandikie "imekuwa tofali" kama wanavyosema Waingereza. Mafundi wa Tanga husema imekufa, nami sijaona sababu ya kuwasahihisha.