Mtoto aliyeambiwa mama amesafiri

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, Moshi. Kamati imenikabidhi watoto saba yatima niwalee kiroho. Mmoja ana miaka tisa, mama yake alifariki mwaka jana, anaishi na bibi yake kule Kibosho. Hacheki, ukimshika bega anaruka, na tukigawa maandazi anakula nusu, nusu anaficha mfukoni. Tumemwombea mara tatu, hali ni ileile. Mwenzangu anasema ni pepo la hofu. Nifanyeje?

JIBU: Amina, Mwalimu. Pepo liacheni kwanza. Nenda kwa bibi, umwamkie, ukae, kisha umuulize jambo moja: siku ya msiba huyu mtoto aliambiwa nini?

Majibu yetu yanajulikana: mama amesafiri, mama amelala, Mungu alimpenda akamchukua. Mtoto hayasikii kama mafumbo. Aliyeambiwa mama amesafiri ataangalia kila Hiace inayosimama. Aliyeambiwa amelala ataogopa kulala. Na aliyeambiwa Mungu kamchukua, ndiye huyo unayemwita Jumapili aje amwimbie Mungu huyohuyo mapambio.

Mtoto wa miaka minne bado anadhani kifo ni kwenda na kurudi. Wa miaka tisa anaweza kuelewa kwamba hakuna kurudi, ila umri huohuo anaweza kujishtaki kimoyomoyo: nilimjibu mama vibaya, ndiyo maana. Kwa hiyo aambiwe kweli, kwa maneno mafupi: "Mama aliugua, mwili wake ukashindwa, akafa. Harudi. Wewe hukusababisha." Najua "akafa" linakwaruza masikio, tumezoea "ametangulia". Kwa mtoto tumia hilo linalokwaruza. Aseme bibi mwenyewe, wewe ukiwa kando. Kama mama amezikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo nyumbani, mtoto hulipita kaburi hilo kila akienda kukata majani ya ng'ombe na hakuna anayelitaja. Nendeni pamoja mkapalilie. Akilia, aachwe alie; Yesu mwenyewe alilia kwenye msiba wa Lazaro (Yohana 11:35), hivyo "nyamaza, jikaze" haina nafasi hapo.

Andazi la mfukoni si wizi wala uchoyo. Ama ameshalala njaa akajifunza kujiwekea, ama anampelekea mdogo wake. Usimpekue mbele ya wenzake. Mfungie la pili kwenye karatasi umwambie, "Hili ni lako la nyumbani," na ufanye hivyo kila wiki bila kukosa. Akishaamini kwamba wiki ijayo lipo, kuficha hupungua taratibu. Kusipopungua, chungulia jikoni kwa bibi: huenda ugali unapikwa mara moja kwa siku, na hiyo ni kazi ya kamati kabla haijawa kazi ya mshauri.

Kuruka akiguswa kuna maana mbili kuu: mwili umebaki kwenye tahadhari baada ya msiba, au kuna mtu anampiga au kumgusa vibaya. Zote zibaki akilini mwako. Kwa sasa usimshike bila kumuuliza, hata wakati wa kumwekea mikono kumwombea. Kaa ubavuni mwake badala ya kumkabili uso kwa uso, na yeye awe upande wa mlango. Maombi ya kukemea kwa sauti usiku wa manane humwongezea hofu ileile mnayotaka itoke. Mfundisheni kupumua: mkono tumboni, avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe polepole kwa hesabu ya sita kama anayepoza uji wa moto, mara tano. Halafu msomeeni Zaburi ya 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ajue kwamba kumlalamikia Mungu ni sala pia.

Watoto saba kwa mlezi mmoja ni wengi mno. Chukua wawili au watatu, wengine wapewe wenzako. Kila mmoja awe na siku yake na saa yake isiyobadilika, dakika 45 zinatosha, mahali panapoonekana: baraza ya kanisa, mtu mzima mwingine akiwa karibu. Mchezo kwanza, kisha karatasi na rangi, maneno baadaye kama yakija. Usimdodose. Anayechora nyumba ile ile wiki sita anakueleza kitu, mwache amalize. Na kama huwezi kuahidi mwaka mzima, usianze. Mlezi anayepotea baada ya miezi mitatu ni msiba wa pili. Ukisafiri, mwambie mapema na umtajie siku ya kurudi. Pia msimsimamishe madhabahuni mbele ya wageni na wafadhili atoe ushuhuda, wala msimpige picha za kuombea michango.

Siku akikwambia ametendwa vibaya, usimwahidi siri. Mwambie umemwamini, si kosa lake, na utamtafuta mtu wa kumlinda. Andika maneno yake kama alivyoyasema, usiulize "kwa nini". Toa taarifa siku hiyohiyo kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 hupigwa bure. Ikiwa ni ukatili wa kingono, afike hospitali kabla ya kuoga, tena ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya muda huo. Kikao cha wazee cha kuyamaliza kifamilia kisitangulie hapo. Na akisema anataka kumfuata mama yake, usingoje Jumapili. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali ya Mawenzi au KCMC siku hiyo.

Jiandae na Desemba. Ndugu watapanda mlimani na watoto wao, magari yatajaa uani, na kila binamu atakuwa na mama wa kumtengea sahani. Kaa naye mwishoni mwa Novemba, mchague pamoja siku moja ya wiki ya Krismasi utakayofika Kibosho, na ufike.