Jibu: Herufi zenye ukungu kwenye Ubuntu

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba tangu uweke Ubuntu (mfumo endeshi, badala ya Windows) kwenye kompyuta ya duka lako la steshenari pale Nkuhungu, herufi zina ukungu na barua za wateja zilizoandikwa kwa Calibri, fonti (mtindo wa herufi) ya Microsoft, hupoteza mpangilio wa kurasa. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Kabla ya kugusa fonti, kagua mipangilio ya skrini, kwa sababu kioo chenye pikseli 1920 kwa 1080 kikilazimishwa kuonyesha 1366 kwa 768, hakuna fonti itakayosomeka vizuri. Kisha fungua GNOME Tweaks, programu ya kurekebisha mwonekano wa Ubuntu, na katika sehemu ya fonti chagua Slight kwenye Hinting (kunyoosha herufi zifuate pikseli) na Subpixel kwenye Antialiasing (kulainisha kingo za herufi). Ukiona kingo za herufi zina wekundu au ubuluu, rudi kwenye Standard hapo kwenye Antialiasing, ambayo kwa maoni yangu inatosha kabisa kwa kazi za ofisini.

Kuhusu Calibri, ambayo Ubuntu haiji nayo, weka fonti ya Carlito, ambayo upana wa herufi zake umepimwa ulingane na wa Calibri, hivyo mistari haihami. Andika amri hizi kwenye Terminal (dirisha la kuandikia amri):

sudo apt install fonts-crosextra-carlito
fc-cache -f
fc-match Calibri

Amri ya mwisho ikikutajia Carlito, kazi imekamilika. Usihariri mafaili yaliyomo /etc/fonts. Marekebisho yako ya fonti yaweke kwenye faili lako binafsi, ~/.config/fontconfig/fonts.conf, ambalo ukiliharibu unalifuta tu.

Ikiwa ukungu unaonekana hata kwenye maandishi ya BIOS (yanayotokea kompyuta inapowaka, kabla ya Ubuntu), kosa si la Ubuntu: badilisha waya wa VGA (unaounganisha kompyuta na kioo), na ukungu usipoisha, mwite fundi akikague kioo.