Usibandike macho kwa gundi kwenye mdoli wa mtoto!

Dada, weka hiyo gundi chini kwanza. Nimesoma swali lako lote: umepata oda ya midoli 40 ya kufuma kwa kroshia, ya kituo cha kulelea watoto huko Makorora, unauliza ununue uzi gani, sindano namba ngapi, ujaze sufi au sponji, na uuze bei gani. Halafu katikati, kama kijambo kidogo tu, umeandika kwamba macho utabandika shanga nyeusi kwa gundi ya moto. Hapo ndipo nilipoacha nazi kwenye mbuzi nikaja kukujibu.

Oda ya namna hiyo hiyo nilipata mimi, hapa hapa Tanga, watoto wa miaka miwili na mitatu. Midoli ilipendeza, kila mzazi akaisifu. Haikupita muda mwalimu akanipigia simu niende. Nilipofika hakusema neno, akaniwekea jicho kiganjani. Limelowa mate. Mtoto alikuwa analitafuna, mlezi akawahi kumtia kidole mdomoni akalitoa.

Nililigeuza nyuma nikaliangalia vizuri. Gundi ilikuwa nzima kabisa, imeng'ang'ania shanga, na juu yake kumejaa manyoya ya uzi. Hilo ndilo nataka ulielewe: uzi wa akriliki una vinyweleo, gundi inashika vinyweleo tu, haishiki mfumo wenyewe. Mtoto akivuta, vinyweleo vinanyofoka na jicho linakuja nalo. Na gundi inayoyeyushwa kwa moto hulainika ikipata joto. Hebu fikiria mdoli uliosahauliwa kwenye gari lililoegeshwa juani Ngamiani saa saba mchana.

Midoli yote nilirudishiwa, hela ya watu nikairudisha. Hela inatafutwa. Kinachonikosesha raha mpaka leo ni kuwaza kama yule mlezi angekuwa amegeuka anamnawisha mwingine.

Na aliyeniuzia ile gundi nilimuuliza waziwazi, "Hii ni ya midoli ya watoto, itashika?" Akaapa kwa Mungu kwamba haitoki hata kwa koleo. Duka silitaji, lakini mtu anayejua kitu kinaenda mdomoni kwa mtoto na bado anaapa ili auze kijiti cha gundi, huyo hana huruma. Na hao wanaoonyesha kwenye video jicho linabandikwa, tabasamu, kazi imekwisha, mbona hawaonyeshi mdoli huo baada ya kutafunwa wiki nzima?

Utaambiwa ununue yale macho ya plastiki yenye mguu na kizibo cha nyuma. Kwa mdoli wa kuweka juu ya kabati, sawa. Kwa mtoto mdogo hapana, maana mfumo wa kroshia unavutika, tundu linatanuka na jicho linapita na kizibo chake. Wenzetu Marekani wana kikopo cha kupimia chenye upana wa inchi 1.25, karibu na kizibo cha chupa ya soda. Kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka 3 kikiwa na kipande kinachoingia chote humo, au kikitoa kipande hicho baada ya kuvutwa na kuangushwa, hakiruhusiwi kuuzwa. Pima shanga zako uone.

Macho ya mdoli wa mtoto yanashonwa kwa uzi. Jaza kichwa karibu chote lakini usikifunge. Chomeka pini mbili mahali pa macho, uusogeze mdoli mbali uangalie kama macho yamelingana, maana jicho likipanda mstari mmoja uso unakuwa wa kushangaa. Chukua uzi mweusi, ingiza sindano ya mkono kutokea ndani ya shingo, pitisha juu ya tundu mbili au tatu, rudia pale pale mpaka litokeze jicho nene. Fundo lifungwe ndani, mkia wa uzi uzamishe kwenye sufi. Halafu lishike jicho kwa kucha ulivute kwa nguvu zako zote. Ukishamaliza, hesabu pini zako zote kabla ya kufunga shingo! Pua na vifungo vya gauni ni vivyo hivyo, shona kwa uzi, usiweke kitu cha kubandika.

Sindano: shuka chini ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya uzi. Ikisema 4, tumia 3 au hata 2.5, ufume kwa kukaza, la sivyo sufi itachungulia kwenye tundu.

Bei tutaongea ukishashona jicho la kwanza. Piga picha uniwekee hapa nilione. Na shanga kama umeshazinunua, zifumie kwenye pochi za kina mama, zitauzika.