Kamera ya safari ndefu nunua kwa ajili ya gorila

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuzungusha wageni, na nyinyi mnaopanga mzunguko wenu wenyewe wa Uganda toka Kampala mpaka Kidepo halafu mshuke Murchison, Fort Portal hadi Bwindi, kila nikiulizwa kuhusu kamera swali la kwanza ni megapikseli ngapi. Achaneni nazo kwanza, 24 zinatosha hata picha ya kutundika sebuleni. Mimi nauliza hivi, kwenye hiyo safari yako ni saa gani ukiikosa hairudi tena? Kwa wengi ni ya gorila. Mnaingia watu 8, mkishawakuta mnapewa saa moja tu, flashi hairuhusiwi kabisa, na chini ya ile miti ni giza hata saa sita mchana. Nunua kamera ya hiyo saa, kwingine kote utajisaidia.

Na hapo ndipo vile vikamera vidogo vya zumu ndefu vinapoaibika. Zumu ndefu ni tamu kwenye kinamasi cha Mabamba, uko kwenye mtumbwi na yule ndege mwenye mdomo kama kiatu amesimama kule kwenye mafunjo hatikisiki, ila msituni gorila yuko karibu, kinachokosekana ni mwanga, kwa hiyo tafuta lenzi inayofunguka f/2.8 au namba ndogo zaidi ya hapo, namba ikiwa ndogo ndio mwanga unaingia mwingi, na sensa kubwa kidogo inayovumilia ISO 3200 (ISO ni jinsi kamera inavyokuzwa usikivu wake kwa mwanga) bila picha kujaa chengachenga. Halafu gorila ni mweusi, ukiiachia kamera ijiamulie itaona weusi mwingi idhani ni giza, inaongeza mwanga, mnyama anatoka wa kijivu na majani nyuma yanaungua meupe. Shusha ekspoja kidogo, yaani mwangaza wa picha. Zumu ya dijitali izime, ile inakata picha na kuivuta tu, hata nyumbani kwenye kompyuta utafanya.

Sasa memori kadi, aisee hapa ndio niliumia. Nilinunua moja ya GB 128 mjini Kampala kwa bei ambayo ilipaswa kunishtua, muuzaji ananiambia ssebo hii orijino kabisa, mimi nikafurahi nikaenda nayo siku kumi na kitu. Nikirudi nafungua kwenye laptopu, picha za siku za mwanzo safi, zilizofuata nusu ya juu unaona sikio la tembo na anga, nusu ya chini rangi ya kijivu tupu kama ukuta wa simenti, na za mwisho hazifunguki kabisa. Kumbe ndani ilikuwa na nafasi ndogo sana, imechezewa tu ijitangaze 128. Siku hizi kadi mpya naijaza yote kwa video kabla ya safari, nahamishia kwenye kompyuta na nahakikisha zinafunguka, au naipima na H2testw, programu ya bure ya Windows. Na bora kadi tatu za GB 64 kuliko moja kubwa, ikifa moja hujafiwa na safari nzima. Ukipiga RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, kumbuka picha moja inaweza kula MB 25 au 50, kwa hiyo jioni kila siku hamishia pengine, hata ukiwa hoi.

Betri beba tatu, kwenye ndege zile za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi sio la chini. Ukipanda Rwenzori baridi itakuonyesha betri imeisha wakati haijaisha, ilaze mfuko wa ndani karibu na mwili, ikipata joto inaamka. Kamera inayochajiwa kwa USB ni baraka maana unachajia ndani ya gari.

Vumbi la Karamoja, kule upande wa Kidepo, usilichezee, usibadilishe lenzi dirisha likiwa wazi, madoa yake utayaona kwenye kila anga uliyopiga. Mvua ya Bwindi nayo, kaveera moja, yaani mfuko wa plastiki, inatosha. Na kwenye daraja la Karuma, linalovuka Mto Nile, usinyooshe kamera kabisa, kule huwa na askari na hawana utani.

La mwisho, mazoezi. Nilimpeleka mzee mmoja ana kamera ya pesa nyingi, mpya, dume la mgongo wa fedha limesimama wazi mbele yetu na yeye anahangaika kwenye menyu kutafuta pa kuzimia flashi, alipopata pamebaki mgongo unaishilia kwenye majani. Kwa hiyo wiki mbili kabla toka nje jioni, tafuta kuku mweusi chini ya migomba, huyo ndio gorila wako. Mpige picha mpaka uweze kubadilisha ISO bila kuangalia vitufe, halafu mfukuze, mpige akikimbia.