Usikiulize kipimo kabla ya siku zake

Nilikuwa mwaka wa tatu nikifanya usafi katika zahanati moja huku Kisauni, sindano iliponichoma kiganjani. Mtu aliitupa kwenye mfuko wa taka za kawaida badala ya lile boksi lake, nami nikaukandamiza mfuko ili niufunge. Sikumwambia mtu. Nilinawa, nikapanda matatu, nikapika, nikalala macho wazi.

Asubuhi nikaenda Mwembe Tayari, nikanunua kwenye duka la dawa kile kifaa cha kujipima virusi vya UKIMWI cha kupitisha kwenye ufizi. Mstari mmoja, yaani sina. Alhamdulillahi! Njiani nikanunua na mahamri.

Kilichoniokoa ni mdomo wangu usioweka siri. Nina shoga yangu wa Majengo anayefanya kazi maabara, nikampigia simu kumpa habari njema. Hakufurahi hata kidogo.

"Shoga, hicho kipimo kimekueleza ya zamani, ya jana hakiyajui. Umechomwa saa ngapi?"

Nikahesabu. Zilikuwa zimepita saa ishirini na tatu.

"Basi weka chini hayo mahamri, nakuja kukuchukua."

Dawa za kuzuia maambukizi, PEP, huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa unayookoa ni faida. Humezwa siku 28 bila kuruka. Zilinitia kichefuchefu wiki ya kwanza, kisha mwili ukazizoea. Kwa hivyo ukichomwa, ukibakwa, au mpira ukipasuka na humjui mwenzio hali yake, usianzie duka la vipimo. Anzia hospitali, wakupime huko huko na wakupe dawa.

Mbona kipimo changu hakikuwa na maana? Yule shoga alinieleza tukiwa kwenye foleni, na sijasahau. Kipimo cha ufizi, na kile cha kudungwa kidole wanachotumia vituo vingi, havimtafuti nyoka, yaani kirusi chenyewe. Vinatafuta mburuzo wake kwenye mchanga. Mburuzo wenyewe ni kingamwili, zile protini mwili unazotengeneza ukishakutana na kirusi. Mwili hauzitengenezi kwa siku moja: vipimo vya aina hii huanza kuziona kati ya siku 23 na 90 tangu kuambukizwa. Kile cha maabara cha damu ya mshipa hutafuta kingamwili pamoja na kipande cha kirusi chenyewe, kwa hivyo huwahi zaidi, kati ya siku 18 na 45. PCR, kipimo kingine cha maabara, humtafuta nyoka mwenyewe, lakini nayo inataka siku 10 hadi 33. Hakuna cha kesho yake. Na dawa za PEP huweza kuuchelewesha mburuzo, kwa hivyo nilifuata tarehe niliyoandikiwa na mhudumu, si ya moyo wangu. Miezi mitatu baadaye nilikuwa sina.

Ukielewa habari hii ya mburuzo, mengine yanayowachanganya watu mtaani yananyooka. Mtoto wa mama mwenye virusi huzaliwa na kingamwili za mamake, kwa hivyo kipimo cha kidole kinaweza kuonyesha mistari miwili hali mtoto ni mzima. Ndiyo maana hupimwa PCR, na majibu ya kingamwili hayaaminiwi mpaka apite miezi 18. Na wewe mwenye virusi unayemeza ARV, zile dawa za kuvidhibiti, usijipime kisiri kuona kama umepona. Virusi vikishuka hadi visionekane, mburuzo hubaki. Hata siku kifaa kikikosa kuuona, hujapona. Usiache dawa.

Nilimuuliza pia: kama mwili unatengeneza kinga, mbona haimalizi ugonjwa, na mbona chanjo hamna? Akacheka. Nyoka huyu hujivua gamba kila uchao, na kinga inalifahamu gamba la jana. Huku kwetu watu walianza kujaribu zamani. Chanjo ya kwanza kujaribiwa Kenya, mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitengenezwa kwa aina A ya kirusi, inayotawala hapa. Thailand, majibu ya 2009 ya chanjo nyingine yalionyesha kinga ya asilimia 31 hivi kati ya watu zaidi ya 16,000, na hazikutosha. Baadhi ya wagonjwa, baada ya miaka, hutoa kingamwili zinazotambua magamba mengi. Moja ya aina hiyo watu walitiwa kwa dripu, Afrika ikiwemo, na majibu yakatoka 2021: kwa jumla haikuzuia, ila virusi vilivyokuwa dhaifu mbele yake ilivizuia kwa asilimia 75 hivi. Mimi hapo ndipo ninapopaona penye tumaini, japo si la mwaka huu.

Ukiombwa kujitolea kwenye utafiti wa chanjo, uliza jambo moja kabla hujatia sahihi: kipimo cha kawaida kitanisoma vipi baadaye? Chanjo haiwezi kukuambukiza, lakini inaweza kuacha mburuzo bila nyoka, ukaambiwa una virusi siku ya kupimwa kabla ya nikaha. Waombe kadi ya utafiti na namba ya kuwapigia, na ukitaka kupimwa rudi kwao, wanajua kutofautisha.

Mimi bado nafagia zahanati ile ile. Mifuko naifunga kwa juu, siikandamizi tena.