Kilo tatu za madigadi na ndoo mbili za asali

Mhariri, wiki hii mmeuliza mambo mawili kwa mpigo: baiskeli iwe na kilo ngapi, na anayesafiri nayo abebe vifaa gani. Kwa huku Tabora swali la kwanza ni dogo. La pili ndilo linaloamua kama mtu atafika amepanda au anasukuma.

Kwanza baiskeli ipimwe, maana kilo nyingi zinazotajwa vijiweni ni za kukisia. Panda mizani ukiwa umeibeba, soma, iweke chini, panda tena peke yako. Tofauti ndiyo uzito wake. Mizani ya ndoano ya wanunuzi wa mazao inafaa zaidi: itundike kwa bomba la juu la fremu, basi. Phoenix au Avon ya breki za vyuma, yenye keria, stendi, madigadi za bati na kava ya cheni, itacheza kati ya kilo 20 na 23. Baiskeli ya gia ya mtumba yenye fremu ya alumini huwa kilo 13 hadi 15. Wale wa mashindano makubwa wana tatizo la kinyume: tangu mwaka 2000 shirikisho la dunia, UCI, linakataza baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8.

Sasa tupige hesabu ya huku. Mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 21, na nyuma ndoo mbili za asali za lita 20. Wengi wanahesabu mzigo kwa ndoo, na hapo ndipo keria inapokatika. Lita 20 za maji ni kilo 20. Lita 20 za mawese kutoka Kigoma ni kama kilo 18. Lita 20 za asali ni kilo 28, kwa sababu lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi. Ndoo mbili ni kilo 56, kabla ya kupima ndoo zenyewe. Jumla ni kilo 142. Ukivua madigadi, stendi na kava ya cheni umepunguza labda kilo 3, yaani asilimia 2. Kwenye nchi tambarare kama hii hutaisikia miguuni. Utakachokisikia ni mchanga, na upepo uliopungua kwenye tairi.

Madigadi zina kesi yake. Masika, njia za mchanga na kifusi zikilowa, bila madigadi tope lote linaishia kwenye cheni na kwenye gololi za krenki, na mgongo wako unajua mengine. Lakini ukielekea Igunga na kuingia udongo mweusi wa mbuga, mambo yanageuka: udongo ule unanata, unajaa kati ya tairi na bati mpaka gurudumu linagoma. Huko kuvua madigadi ni akili, tena si kwa ajili ya uzito.

Mzigo ukae wapi? Shina la matatizo ni kuuweka nyuma ya ekseli. Ndoo zikining'inia nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unayumba, na kwenye mchanga baiskeli inakwenda inakotaka yenyewe. Vitu vizito vikae pande mbili za keria, chini kadiri visigote spoku wala visigino, na vivutwe mbele mpaka karibu na tandiko. Pande zilingane kwa mizani, kwa jicho haitoshi. Ndoo moja ya asali na moja ya maji zinafanana kabisa kwa mbali. Funga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya zamani, kwani kamba ya katani hulegea mzigo unapotikisika, ila mpira unafuata. Ncha zifundikwe zisining'inie. Kipande kikishikwa na spoku, safari imeishia hapo.

Spoku zinakatika gurudumu la nyuma, na aghalabu kwenye kiwiko, pale zinapopinda kuingia kwenye habu. Si kwa sababu mzigo ulizivuta sana. Zilikuwa zimelegea. Kila spoku ikifika chini inapunguza mkazo, ikipanda inakazika tena. Ile iliyolegea inachezacheza kila mzunguko mpaka chuma kinachoka. Kwa hiyo kabla ya kupakia, pitisha kidole uzigonge moja moja. Zinazolia sauti ya kufanana ziko sawa, inayolia kama kopo ikazwe nipeli, kile kinati cha kwenye ringi, robo mzunguko, usikilize tena. Beba spoku nne za akiba zimefungwa kwenye bomba la fremu, na ziwe za urefu wa gurudumu lako. Kumbuka kwamba upande wa frewili, ile gia ya nyuma inayovutwa na cheni, spoku mpya haipiti vizuri mpaka frewili itolewe. Mafundi wa barabarani huipinda kidogo ili ipite. Inakufikisha, lakini ibadilishwe ukifika.

Upepo: kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, nacho kifuatwe kwa gurudumu la nyuma lenye mzigo. Tairi laini linapita vizuri kidogo kwenye mchanga, ni kweli, lakini ukiwa na kilo 56 nyuma, ukigonga mzizi au jiwe, ringi inabana tyubu chini. Utajua kwa matundu mawili yanayotazamana, kama meno ya nyoka. Tundu moja dogo ni mwiba, hasa mbigiri. Usizibe haraka ukafurahi: pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi lote, kitanasa kwenye ncha iliyobaki. Mwiba ule ule huweza kutoboa mara tatu kwa siku moja, na lawama zote akapewa muuza solusheni.

Kuziba nako kuna kosa moja kubwa, la haraka. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, kisha ngoja dakika tano hadi ikauke na isiwe inang'aa. Kiraka kikibandikwa juu ya solusheni mbichi kitakwenda kilomita mbili. Tairi litolewe kwa vikwangulio viwili vyenye ncha butu. Bisibisi inatoboa tyubu unayotaka kuiponya.

Akiba ya tyubu inategemea gurudumu. Ile ya 28 x 1½ inapatikana hata duka la kijijini. Angalizo kwa wanaonunua baiskeli za mtumba kutoka Ulaya: gurudumu la 700C linafanana na 28 kwa macho, lakini ringi yake inakalia tairi kwenye kipenyo cha milimita 622, ile ya 28 x 1½ kwenye 635. Tyubu ya moja unaweza kuilazimisha kwenye nyingine ukavuka, tairi haliwezekani kabisa. Ukiwa na hiyo ya 700C, tairi la akiba ulikunje na ulibebe, maana barabara ya Sikonge hutalipata.

Breki za vyuma juu ya ringi ya kroma iliyolowa zinashika kwa shida, na mzigo unaongeza umbali wa kusimama. Mvua ikinyesha, bonyeza kidogo kidogo mapema ili raba zifute maji. Usiku taa na kiakisi cha nyuma, hilo halina mjadala. Malori ya tumbaku hayakuoni.

Maji, mwezi wa kumi, yasipungue lita tatu kwa safari ya kilomita 40. Ni kilo tatu, sawasawa na zile ulizookoa kwa kuvua bati.

Kwenye mfuko wa chini ya tandiko: spana uliyoijaribu nyumbani kwenye nati zote mbili za ekseli, msasa, solusheni, viraka, pampu, na mpira wa valvu sentimita kumi. Ule mpira mwembamba unaovikwa kwenye sindano ya valvu unaoza kwa joto, na ukioza tyubu nzima isiyo na tundu inaisha upepo huku unaitafuta pancha isiyokuwepo. Ongeza kotapini moja, ile pini inayobana krenki (mkono wa pedeli) kwenye ekseli yake, pamoja na nati yake. Ziko za milimita 9 na za 9.5, hivyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Pedeli ikianza kugonga kila mzunguko, ndiyo hiyo. Igonge kwa nyundo huku krenki imeegemezwa chini kwa chuma au gogo, usije ukazipasua gololi. Nati ikazwe baada ya kugonga. Haina kazi ya kuivuta kotapini, itakatika meno.